Ganda Lililonyooshwa: Mwongozo wa Risasi Zilizoboreshwa kwa Mtu wa Pwani

Wanaojaza risasi zao wenyewe hupenda kujisifu kwa kasi. Ukimsikia mgeni aliyemaliza kuwinda nyati Tanzania, sasa amekuja Diani kupumzisha miguu, akisimulia jinsi risasi yake ya .375 aliyoiboresha inavyoruka kuliko ya dukani, msikilize kwa adabu lakini usimeze yote. Risasi za aina hiyo zina faida za kweli, ila kasi ndiyo ndogo kuliko zote. Tena zina hasara moja ambayo vitabu vingi vya fani hii huipitia mbiombio, nayo inatokana na joto.

Nakuandikia wewe wa Kwale uliyehamia nchi ambako kujaza risasi nyumbani ni halali, au unayejiandaa kuhamia, au unayefanya kazi na wawindaji ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga na unataka kuelewa wanachozungumza. Aliyeko Ukunda au Msambweni na asome, lakini asitende. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya Mei 1977. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inawaachia utengenezaji wa risasi waliosajiliwa kwa kazi hiyo, na leseni ya kumiliki bunduki haikugeuzi kuwa mtengenezaji. Risasi za kutengenezwa nchini hutoka Eldoret, kwenye kiwanda cha Kenya Ordnance Factories Corporation. Ukivuka kuingia Tanzania utakuta uwindaji ni halali kwa leseni, lakini usidhani kwamba leseni hiyo inakupa ruhusa ya kukaa chumbani na kujaza risasi.

Marekani mambo ni tofauti. Sheria ya shirikisho haidai leseni kwa mtu anayejaza risasi za matumizi yake; ukianza kuziuza ndipo leseni inapohitajika. Lakini angalia viza yako kabla hujanunua chochote. Aliyeingia kwa viza ya muda, wakiwemo wanafunzi, hakatazwi bunduki tu bali na risasi pia, isipokuwa awe na kinachomtoa katika katazo hilo, kwa mfano leseni halali ya uwindaji ya jimbo mojawapo. Vijana wetu wengi hawalijui hili, nao hualikwa na marafiki kwenda kulenga shabaha wikendi. Majimbo nayo yana sheria zake.

Sasa tuingie kwenye ganda lenyewe. Risasi ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa kinachotoka. Anayejaza kwa mkono hulitumia ganda tena na tena, akibadilisha vile vitatu vingine. Risasi za waildikati ni zile zilizobuniwa na mafundi nje ya viwanda, kwa kubadilisha umbo la ganda la kawaida: kulibana shingo, kulipanua, kulifupisha. Zilizoboreshwa ni tawi moja la ukoo huo, na ndilo lenye busara kuliko yote. Kichwa ni kilekile, urefu ni uleule, shingo iko palepale. Kilichobadilika ni kiwiliwili. Ganda la kawaida huwa limechongoka, nene kitakoni na jembamba kadiri linavyokaribia bega. Lililoboreshwa hunyooshwa kuta zake na kuinuliwa bega lake, mara nyingi hadi nyuzi 40, ili libebe baruti zaidi.

Jina linalotajwa sana hapa ni la Parker Otto Ackley, aliyezaliwa mwaka 1903 na kufariki mwaka 1989, fundi bunduki wa Marekani aliyewahi pia kufundisha ufundi huo katika chuo cha Trinidad, Colorado. Ackley alitaka chemba iliyopanuliwa iendelee kupokea risasi ya kawaida ya kiwandani. Unainunua dukani, unaipiga katika chemba yako, moto unalisukuma ganda mpaka linajaa nafasi mpya, na linalotoka ni ganda lililoboreshwa tayari kujazwa. Huhitaji mashine ya kulitengeneza. Bunduki yenyewe ndiyo kalibu.

Lakini kwa nini maganda hayo yalichongoka tangu mwanzo? Hawakukosea walioyachora. Risasi nyingi kubwa zilizotumika Afrika Mashariki zilibuniwa Uingereza enzi ya kordaiti, baruti yenye umbo la nyuzi iliyosifika vibaya kwa kupandisha shinikizo inapopata joto. Mtengenezaji wa London alijua bunduki yake itaachwa juani Voi au Taveta, kisha ifyatuliwe mnyama akiwa hatua chache mbele. Akafanya mambo mawili. Alitumia ganda kubwa lenye shinikizo la chini: .416 Rigby ya mwaka 1911, kwa vipimo vya Ulaya, inaruhusiwa bar 3,250 tu, wakati .375 H&H, iliyotoka mwaka mmoja baadaye, inafika bar 4,300. Na pale aliporuhusu shinikizo kubwa, alilichongoa ganda ili litoke chembani bila kugoma. Itazame .375 H&H na utaona jinsi ilivyo ndefu na nyembamba mbele, na bega lake halionekani vizuri.

Chukua kizibo cha chupa. Kilichochongoka kikisogea kidogo tu kimeshaachia pande zote. Kilichonyooka kinasugua mpaka kitoke chote. Ganda ni hivyohivyo. Anayeboresha risasi anaondoa kilekile kilichowekwa kwa ajili ya nchi zetu. Huenda ana sababu nzuri, ila ajue anachokiondoa.

Tuanze na kasi, maana ndiyo inayouza. Wajazaji wana kanuni moja iliyothibitika vya kutosha: shinikizo likibaki lilelile, kasi huongezeka kwa takriban robo ya ongezeko la ujazo wa ganda. .30-06 ikiboreshwa kwa mtindo wa Ackley huongezeka ujazo kama asilimia 5. Robo yake ni asilimia 1 na kitu. Kichwa kilichokuwa kikienda mita 823 kwa sekunde sasa kitaenda mita 833 hivi. Kwa shabaha ya mita 200, tofauti ya mdondoko ni chini ya sentimita moja. Hakuna mwindaji anayeweza kuiona hiyo akiwa ameegemea mti anahema. Ernest Hemingway, aliyekuja kambi ya uvuvi ya Shimoni mwaka 1954 baada ya ajali zake mbili za ndege kule Uganda, alikuwa na Springfield ya .30-06 ya kawaida kabisa, na hakuna mnyama aliyelalamika kwamba imechelewa.

.375 H&H ina kingi zaidi cha kutoa kwa sababu imechongoka zaidi. Ukiinyoosha unapata ujazo wa karibu asilimia 10, yaani kama mita 20 kwa sekunde juu ya zile 770. Yule mgeni wa Diani anayekwambia amepata mita 60 au 80 hakudanganyi kuhusu kasi. Kipima kasi chake kimesoma kweli. Ila hakuipata kwa umbo la ganda. Ameipata kwa kupandisha shinikizo. Hata .280 Ackley Improved, ambayo kampuni ya Nosler iliichukua na kuipeleka SAAMI, chombo cha viwango cha Marekani, mpaka ikaacha kuwa waildikati ikawa risasi rasmi, ina siri hiyohiyo: .280 Remington inaruhusiwa shinikizo la psi 60,000, na iliyoboreshwa inaruhusiwa 65,000. Ongezeko moja limetoka kwenye ganda, jingine limetoka kwenye kibali.

Basi faida ziko wapi? Kwenye ganda na mfuko wako. Ganda lililochongoka, kila likipigwa, shaba yake hutambaa kwenda mbele. Shingo inarefuka, unalazimika kuikata, na shaba iliyohama mbele imeacha wembamba karibu na kitako, pale ganda linapokatikia. Kuta zilizonyooka na bega kali huuzuia mwendo huo. Mjazaji wa risasi iliyoboreshwa hukata shingo mara chache sana, na maganda yake huishi muda mrefu kama hatayatesa kwa shinikizo. Anayelenga shabaha kila wiki atahisi nafuu hii. Anayepiga risasi chache kwa mwaka hataihisi kamwe, na gharama ya fundi haitarudi.

Faida ya pili naiona kubwa zaidi kwa msafiri: bunduki yako bado inakula chakula cha kawaida. Mzigo ukipotea uwanja wa ndege, utatafuta risasi za kiwandani za .375 H&H na kuendelea na safari, kwa kasi iliyopungua kidogo tu. Mwenye waildikati halisi, isiyofanana na chochote dukani, amekwama.

Wapo waliovuna kweli. Mwindaji Jack Lott alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959 wakati .458 Winchester Magnum yake ilipomwangusha. Risasi hiyo, iliyotoka mwaka 1956, ilikuwa na ganda fupi la milimita 63.5, hivyo ili kufikia kasi iliyoahidiwa, baruti ililazimika kushindiliwa, na ikishindiliwa na kukaa muda mrefu iliweza kuganda donge na kuwaka vibaya. Mwaka 1971 Lott alitoka na jibu: ganda la familia ya .375 H&H lililopanuliwa moja kwa moja, lenye urefu wa milimita 71. Chemba ya .458 Lott hupiga pia .458 Winchester. Miaka mingi ilikuwa waildikati ya watu wachache, kisha viwanda vikaikubali, Hornady wakaanza kuiuza mwaka 2002. Lakini ona Lott alikuwa anatafuta nini. Alitaka nafasi ya baruti kukaa kwa raha, ili kasi iliyoahidiwa ipatikane bila kushindilia, kwenye joto au baridi. Hiyo ndiyo sababu nzuri ya kuongeza ujazo kuliko zote ninazozijua.

Sasa ile hasara. Ackley alifanya jaribio maarufu na bunduki ya Winchester 94 ya .30-30. Aliboresha chemba yake, kisha akaondoa kile kinachofungia komeo, akafyatua. Ganda likakaa mahali pake. Kuta zilizonyooka zilikuwa zimeukamata ukuta wa chemba kwa nguvu kiasi kwamba kitako kilisukuma nyuma kidogo sana. (Usithubutu kulirudia jaribio hili, maana chemba ikiwa na tone la mafuta, ganda halina cha kushika.) Wengi walisoma hapo kwamba ganda lililoboreshwa ni salama zaidi. Mimi nasoma onyo. Dalili ambazo mjazaji hutegemea kujua amevuka mpaka, komeo zito kufunguka na alama kwenye kitako, hutokana na kitako kusukumwa nyuma. Ganda linaloshika ukuta huzichelewesha dalili hizo. Shinikizo linapanda na bunduki bado inakunyamazia.

Ongeza joto juu ya hilo. Mtu amejaza risasi zake Minnesota mwezi Februari, akapandisha kipimo kidogokidogo mpaka karibu na ukomo, komeo likifunguka laini. Agosti anazileta kwenye jua, boksi limeachwa ndani ya gari. Baruti nyingi huungua kwa kasi zaidi zikiwa na joto. Lile ganda la Kiingereza lililochongoka lingelifanya komeo liwe zito na kumwonya mapema; lake linaonya likiwa limeshakwama, naye ameshika bunduki isiyofunguka. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mtu wa nchi ya joto: pima kipimo chako katika joto utakalolitumia, si katika baridi ya nyumbani kwako. Ya pili: chagua baruti zilizotengenezwa zisiyumbishwe na joto, kama zile za Hodgdon za kundi la Extreme, H4350 na Varget zikiwemo. Nunua kipima kasi na ukiamini kuliko hisia za mkono. Kasi ikizidi ile ambayo kanuni ya robo inakubali, umezidisha shinikizo, hata kama kila kitu kinaonekana shwari. Na ukishaipata kasi ya kukutosha, shuka chini kidogo. Vipimo vya baruti sitakupa. Hivyo vichukue kwenye kitabu cha aliyetengeneza baruti yenyewe, anzia chini, wala usinakili cha mtu mwingine kwa sababu chemba yake si yako.

Ukiamua, chagua risasi inayostahili. Zilizochongoka sana na zilizopigwa kwa shinikizo la zamani ndizo zinazofaidika: 7x57, .257 Roberts, .250 Savage, .30-30, .300 H&H, .375 H&H. Roy Weatherby alijenga jina lake juu ya .300 H&H aliyoinyoosha na kuibadilisha mabega katika miaka ya 1940. Ila .308 imeshanyooka vya kutosha, iache. .270 nayo ina baruti nyingi kuliko mtutu wake unavyoweza kuitumia vizuri. Kuiongezea ni kuunguza mtutu tu. Na kuhusu 7x57, kumbuka kwamba W.D.M. Bell, muuaji wa tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa hiyohiyo 7x57 tangu siku zake za Karamoja, hakuwahi kuinyoosha. Mauaji yale hayana cha kusifiwa, lakini yanajibu hoja ya wanaosema umbo la zamani halitoshi.

Kwa fundi bunduki kuna jambo moja la kuuliza kabla hujakubaliana bei: utaurudisha mtutu nyuma? Kwa risasi isiyo na ukingo wala mkanda kitakoni, kama .30-06 au 7x57, kinachoizuia isiteleze mbele ni bega. Kekee ya chemba ikipitishwa tu pale pale, bega la zamani linaondoka, na risasi ya kiwandani inabaki ikining'inia. Ikipigwa, ganda linavutika karibu na kitako na linaweza kukatika. Fundi mwenye kujua kazi huufungua mtutu, hukata kitakoni mwake kiasi cha uzi mmoja wa skrubu, kisha huikata chemba ili risasi ya kiwandani ibanwe kidogo sana, kama sehemu ya kumi ya milimita, pale shingo inapokutana na bega. Ukifunga komeo juu ya risasi ya kiwandani unapaswa kuhisi ukinzani mwepesi. Usipouhisi, usifyatue, mrudishie. .375 H&H na .300 H&H haziathiriki hivyo kwa sababu zina mkanda kitakoni wa kuzizuia, ingawa ukishaligeuza ganda ni bora kalibu yako ipangwe ili lizuiliwe na bega, maana mbele ya mkanda ndipo linapovutika.

Kuligeuza ganda ni kazi ya uwanja wa shabaha. Tumia risasi za kiwandani au za kipimo cha wastani cha risasi ya kawaida, chemba iwe kavu, na tegemea machache yatapasuka shingoni. Yaliyopona yapitishie ndani waya mwembamba uliokunjwa ncha. Ukikwama kwenye mfereji karibu na kitako, tupa ganda hilo. Utahitaji kalibu maalumu zenye umbo jipya, na mtutu uandikwe jina la chemba mpya. Siku moja bunduki itakuwa ya mtu mwingine.

Kuhifadhi kunamhusu hata mwenye leseni wa Kwale aliye na risasi za kiwandani. Hewa ya chumvi hula kila kitu huku, lakini adui mbaya zaidi wa shaba nyeupe ni amonia. Wanajeshi wa Kiingereza India waligundua maganda yao yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi yakipasuka shingo msimu wa mvua. Mvuke wa mikojo ndio uliofanya kazi hiyo, juu ya shaba iliyobanwa kiwandani. Kwa hiyo risasi zisikae stoo moja na magunia ya mbolea ya miwa wala karibu na banda la kuku. Zisikae kwenye mshipi wa ngozi pia. Dawa za kuitengenezea ngozi huifanya shaba ioze kijani. Kisanduku kinachofunga vizuri, vifuko vya kufyonza unyevu, kabati la chuma lenye kufuli. Usipulizie mafuta ya kupenya. Yanaweza kuifikia fataki na kuiua.

Na safari. Ndege hukubali kilo 5 za risasi kwa abiria katika mzigo wa chini, kwa kibali na taarifa ya mapema, ila baruti peke yake na fataki peke yake hazipandi ndege ya abiria kabisa. Baadhi ya mashirika hukataa risasi zisizo kwenye boksi la kiwandani, kwa hiyo uliza kwa maandishi. Ukimaliza uwindaji Tanzania na unataka kuja kusalimia nyumbani Msambweni, iache bunduki na risasi kwa kampuni iliyokupokea, au uwe na kibali cha Kenya mkononi kabla hujafika mpakani. Kisha kung'uta mifuko yote ya koti la porini, na ule mfuko mdogo wa mkoba usioutumia, kabla hujapanga foleni mpakani Horohoro. Risasi moja iliyosahaulika huko ni risasi moja isiyo na kibali, na afisa hatakuuliza kama ganda lake limenyooshwa.